Yaya, itazame hata kama risasi ni chache
Yaya, umeuliza kama Le Bureau des légendes, ile tamthilia ya majasusi wa Ufaransa, inafaa hata kama risasi ni chache. Inafaa sana! Sisi hapa Kadutu, Bukavu, tumeitazama nyumba nzima. Malotru, jasusi mkuu wa hadithi, amekaa Damascus, Syria, miaka 6 akijiita Paul Lefebvre, mwalimu. Anarudi Paris, anatakiwa alizike jina hilo. Lakini Nadia, mwanamke aliyempenda kule, mwanzoni anamjua kwa jina hilo tu! Basi anaendelea kumdanganya ili asimpoteze, huku akiwaficha wakubwa wake. Na binti yake, Prune, amekua baba hayupo. Hapo ndipo mimi niliumia zaidi. Misimu ni 5, 2015 hadi 2020. Usiruke wa kwanza.