Kumtembelea mama na kichanga nyumbani: tazama kwanza, shauri baadaye

Mtembeleaji mgeni wa kazi hii huingia nyumbani kwa watu akiwa na somo kichwani. Anaketi, anafungua kitabu cha picha, anapita lishe, chanjo, usafi na uzazi wa mpango. Nusu saa baadaye mama ameitikia kila kitu, na mtoto hajafunuliwa hata kifua. Somo la namna hiyo mama atalipata kliniki. Wewe umekwenda kuona yale ambayo kliniki haiyaoni: mtoto anavyonyonya, anapolazwa, nani mwenye kauli ndani ya nyumba, na mama anapata usingizi kiasi gani.

Ratiba kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, kisha mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Ukiwa na nyumba nyingi kuliko siku, usiitoe sadaka ile ya siku ya tatu. Ndizo siku ambazo maziwa yanajaa, umanjano wa ngozi ya mtoto unaonekana, na mama analia bila kujua analilia nini. Ziara ya wiki ya sita ikisogea siku mbili, hapaharibiki kitu.

Wakati wa ujauzito, usiulize kama wamejiandaa. Kila mtu atasema ndiyo. Uliza hivi: uchungu ukianza saa nane usiku, unampigia nani? Atakuja na usafiri gani? Nauli iko wapi? Nani atabaki na watoto? Jibu likiwa "tutaona", mpango bado haupo, na hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo.

Kwa mtoto, fuata mpangilio, maana akishaanza kulia hesabu zako zote zimeharibika. Anza na pumzi akiwa amelala au ametulia. Inua nguo uone kifua na tumbo, hesabu dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai kwa kichanga, kwa sababu hupumua haraka, akatulia, kisha akaendelea. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Ikibaki hivyo, ni rufaa, yaani apelekwe hospitali. Vivyo hivyo kifua kikibonyea sana ndani kila anapovuta hewa. Halafu joto, kwapani: nyuzi 37.5 na kuendelea, au chini ya 35.5, ni rufaa. Watu huogopa homa na kuidharau baridi, ilhali kichanga aliyepoa anaweza kuwa mgonjwa sana. Huyo mvue, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, na waende hivyohivyo njiani. Umanjano utazame kwenye mwanga wa mchana. Ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na kwenye nyayo siku yoyote ile, usisubiri.

Kunyonya ndiko kunakohitaji subira. Kaa utazame kwa dakika nne au zaidi bila kugusa wala kusahihisha. Mtoto aliyeshika vizuri amepanua mdomo, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa ziwa, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Ananyonya taratibu kwa kina, anapumzika, na unasikia akimeza. Chuchu ikitoka imebanwa na kuwa bapa, kameza chuchu peke yake. Mara nyingi chanzo ni mama kuinama amfuate mtoto. Inatakiwa mtoto aletwe kwenye ziwa, kichwa na mwili vikiwa kwenye mstari mmoja. Kumtoa, mama apitishe kidole kidogo safi pembeni ya mdomo. Akimvuta tu, anajichubua.

"Maziwa hayatoshi" utaisikia karibu kila nyumba. Usibishane, hesabuni pamoja. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24? Baada ya siku ya tano, analowesha nepi sita au zaidi kwa siku? Choo kimetoka kwenye weusi na kuwa cha njano? Majibu yakiwa mazuri, mama ana maziwa. Akipewa maziwa ya kopo kwa wasiwasi tu, atanyonya kidogo, na ziwa litatengeneza kidogo. Lakini mtoto aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au ambaye hajaurudia baada ya wiki mbili, anahitaji mtaalamu, siyo maneno ya kutia moyo.

Mama naye asisahaulike. Ikiwezekana mwulize hali yake kabla hujamgusa mtoto. Pedi inayolowa kabisa ndani ya saa moja, kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu, degedege, homa, uchafu wa ukeni unaonuka, mguu mmoja uliovimba na kuuma: yote ni ya kwenda leo. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua.

Machozi ya siku za mwanzo kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, tumia kipimo cha Edinburgh cha kutambua sonona baada ya kujifungua, maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Swali la 10 ni la mawazo ya kujidhuru. Jibu lolote lisilo "kamwe" lishughulikie papo hapo hata jumla ya alama ikiwa ndogo, na usimwache peke yake. Maswali haya, na yale ya kupigwa, hayaulizwi mbele ya mume wala mama mkwe. Mwombe mama wa mtoto akusindikize nje kidogo.

Bibi wa mtoto asigeuzwe adui. Akiwa amepaka kitu kitovuni, uliza ni nini na tangu lini, tazama kitovu kama kina wekundu au usaha, kisha mpe yeye jukumu la kukiweka kikavu na safi, bila kupaka chochote ambacho mhudumu wa afya hakutoa.

Rufaa isiishie kwenye "nendeni hospitali". Andika ulichoona na namba ulizopata, tajeni nani anampeleka na saa ngapi, na piga simu kabla saa 24 hazijapita. Mara nyingi hawaendi kwa sababu mwenye uamuzi hakuwepo ulipoeleza. Mpigie ukiwa bado hapo sebuleni. Na jaza rejista kabla ya kubisha hodi nyumba inayofuata, la sivyo pumzi za mtoto wa hapa utaziandika kwa wa kule.