Plazma baridi kwenye kidonda cha upasuaji: maneno kwa muuguzi anayeanza

Ndugu wauguzi mnaojiunga na wadi za vidonda huku Ujerumani, hasa ninyi mliotoka nyumbani mkiwa tayari mmefunga vidonda kwa miaka, jambo la kwanza ninaloomba mlishike ni kwamba mashine ya plazma baridi haichukui nafasi ya mkono wala jicho lenu. Ninalitanguliza kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea.

Plazma ni gesi iliyotiwa nguvu ya umeme hadi baadhi ya elektroni zikabanduka kwenye atomi zake. Mashine tunayoitumia sisi hupitisha gesi ya agoni ndani ya kishikio chenye umbo la kalamu, na kwenye ncha yake hutokea ulimi mwembamba wa mwanga wa zambarau, ambao joto lake likiigusa ngozi halizidi nyuzi 40. Ukikutana na hewa, ulimi huo huzalisha nitriki oksaidi, ozoni na kemikali nyingine za oksijeni na nitrojeni, pamoja na miale kidogo ya urujuanimno, na mchanganyiko huo huua bakteria walio juu ya kidonda, hata waliokwisha kuwa sugu kwa antibiotiki, huku ukizichochea seli za ngozi zikue. Mgonjwa mwelezeni mapema kwamba hii si ile plazma ya damu, kwani wapo wanaodhani wataongezewa damu. Mimi, kabla ya kuvaa glavu, huupitisha ulimi ule juu ya kidole changu mgonjwa akitazama, na mara nyingi mabega yake hushuka palepale.

Sasa kosa langu. Mwezi wa pili kazini nilipewa mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, na mshono wake ulikuwa umefunguka sehemu ya chini. Kwa siku tatu nilimtibu kwa plazma, nikafurahi kuona sakafu ya kidonda inapendeza, wala sikuupa uzito wekundu uliokuwa ukitambaa pembeni. Siku ya nne dada mkuu wa zamu aliweka vidole viwili kando ya mshono, akabonyeza taratibu, na usaha ukatoka kwa chini, mahali ambapo ulimi wangu wa zambarau usingefika hata ningesimama hapo kutwa nzima. Mama yule alirudishwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, jipu likafunguliwa na kusafishwa. Plazma hufanya kazi juu juu tu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine, bonyezeni kandokando, pimeni kina, nuseni, ulizeni kuhusu homa na maumivu mapya, na mkiona dalili yoyote mwiteni daktari kwanza.

Maandalizi ndiyo yanayobeba nusu ya kazi. Safisheni kidonda kwa maji ya chumvi, ondoeni tishu zilizokufa, kisha kausheni kwa shashi, kwa sababu damu au majimaji yaliyotuama huwa kama blanketi juu ya ngozi. Baada ya hapo, kwa mashine ya aina yetu, ncha hukaa takriban sentimita moja kutoka kwenye kidonda na husogezwa polepole, sekunde 30 hadi 60 kwa kila sentimita ya mraba, maana yake kidonda cha sentimita 8 kwa 2 kitakuchukua dakika 8 hadi 16. Mkono huchoka, na mkono uliochoka huharakisha. Egemezeni kiwiko kitandani. Fungueni dirisha pia, kwa maana harufu ile kali ni ya ozoni. Kwa mgonjwa mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, hatuanzi kabla daktari hajaamua.

Msimwahidi mgonjwa zaidi ya kilichothibitishwa. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2010, lenye wagonjwa 36 wa vidonda sugu, bakteria walipungua kwa asilimia 34 zaidi palipotibiwa. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 40 waliochunwa ngozi ya kupandikiza, ambapo sehemu moja ya jeraha ilipata plazma na nyingine gesi ya agoni peke yake, na upande wa plazma ulionekana kupona vizuri zaidi kuanzia siku ya pili ya matibabu. Jaribio la mwaka 2020 kuhusu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari lilionyesha kwamba vilipungua ukubwa haraka zaidi, ingawa idadi ya bakteria haikutofautiana na ya kundi la kulinganishia. Matokeo hayo yalinishangaza, na tangu hapo nimeacha kumwambia mgonjwa kwamba kazi ya mashine hii ni kuua vijidudu tu.

Basi pimeni. Kila Jumatatu mimi hupiga picha ya kidonda, rula ikiwa kando yake, mgonjwa akilala mkao uleule na taa ikiwa ileile, na huandika kwenye faili urefu, upana na kina kabla sijashika kishikio. Wiki mbili zikipita bila vipimo kupungua, ninampelekea daktari picha zote tatu, ile ya mwanzo ikiwa juu.