Najua jibu, lakini alama sizioni

SWALI: Niko kidato cha nne, Kondele, Kisumu. Nasoma hadi saa sita usiku na vitabu vya fasihi nimevirudia mara nyingi. Bado Kiswahili karatasi ya pili na ya tatu napata thelathini na kitu kwa themanini. Nifanyeje?

JIBU: Kabla hujaongeza saa za kukesha, chukua karatasi zako zilizokwisha kusahihishwa. Kando ya kila alama uliyopoteza andika J kama hukujua jibu, S kama hukuelewa swali, M kama muda ulikuishia. S zikizidi, tatizo si usomaji.

Makosa ya S huanzia kwenye kitenzi cha swali. Umeulizwa tofauti ya /f/ na /v/, ukajibu kwamba zote ni vikwamizo (sauti za hewa inayopita kwa kubanwa) vya midomo na meno: kweli tupu, na sufuri tupu, maana huo ni ufanano. Tofauti ni kwamba /v/ ni ghuna, yaani nyuzi za sauti hutetema ukiitamka; /f/ si ghuna. Ukiambiwa uchanganue sentensi kwa jedwali, usichore matawi, hata yakipendeza vipi.

Kisha soma mabano. "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" inataka msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo kusemwa. Mistari mitano inatosha. Wanaosimulia nusu ukurasa ndio aghalabu humsahau msemewa! "Bainisha mbinu mbili za lugha (alama 4)" inataka jina la kila mbinu pamoja na mfano wake kutoka kwenye dondoo. Ufupisho wa alama 8, moja ikiwa ya mtiririko, unatafuta hoja saba. Ukipewa maneno 65, kila hoja ina maneno tisa hivi, kwa hiyo mifano ya kifungu iache.

Karatasi hizo ni alama 80 kila moja kwa saa mbili na nusu, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa alama. Swali la alama 20 lisipite dakika 35. Ukikwama, acha nafasi usonge mbele.

Na kurudia riwaya mara ya tano? Maneno umeyazoea, ndiyo sababu unahisi unajua. Afadhali ujibu swali moja la mtihani uliopita, kitabu kikiwa kimefungwa na saa mezani, kisha ujisahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili hupaka rangi daftari lote la Biolojia. Kweli anasoma? Mzazi, Bungoma.

JIBU: Daftari likiwa la manjano lote, hakuna kilichochaguliwa. Akimaliza mada ya moyo, afunge daftari, achore moyo na kutaja sehemu zake bila kuchungulia, kisha afungue arekebishe kwa kalamu nyingine. Arudie kesho yake, na tena baada ya wiki. Wewe huhitaji kuijua Biolojia: shika daftari, muulize, na akinyamaza mpe muda kabla ya kumtajia.