Ndege sita za kivita zinatosha kulinda anga ya nchi ndogo?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Rubavu, mpakani kabisa na Goma. Tangu ile Sukhoi ya Kongo, ndege ya kivita ya Kirusi, irushiwe kombora mbele ya macho yetu Januari 2023, wanafunzi hawaachi kuniuliza: Uganda wana ndege za kivita, Kongo wanazo, Kenya na Tanzania wanazo, sisi Rwanda hatuna. Nchi ndogo ikijibana ikanunua japo sita, si itakuwa salama zaidi? Au droni zimeshamaliza habari hiyo?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hapana, sita hazitaifanya nchi ya ukubwa huo kuwa salama zaidi, na kabla ya kuzungumzia fedha nitakuomba ufungue ramani.

Kutoka Goma hadi Kigali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa, ambayo kwake si mbio za kutisha, inamaliza kilomita 15 kila dakika. Kwa hiyo tangu ivuke mpaka hadi ifike juu ya mji mkuu hazitimii dakika saba. Ndege za zamu katika nchi za NATO (muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi), ambazo marubani wake hulala karibu na ndege na mafundi wako pembeni, kwa kawaida hupewa dakika 15 tangu kengele ilie hadi magurudumu yaache lami. Nchi ikiwa finyu kiasi hicho, rubani wako atakuwa bado anafunga mikanda wakati mgeni ameshafanya alilokuja kufanya na yuko njiani kurudi.

Milima nayo haisaidii. Rada huona kwa mstari ulionyooka, haipindi kona. Antena iliyo mita 20 juu ya ardhi itaiona ndege inayoruka mita 100 juu ya ardhi ikiwa umbali wa kilomita 60 hivi, na hapo nazungumzia tambarare. Kilomita 60 ni dakika nne. Katika nchi ya vilima elfu ndege inaweza kujificha nyuma ya mgongo wa mlima ikatokeza ikiwa imeshakaribia, na dakika nne zikawa moja. Jeshi lisilo na rada za kutosha, zilizowekwa kwenye vilele vinavyozibiana mapengo, likinunua ndege za kivita litakuwa na marubani hodari wasioambiwa waende wapi.

Sasa turudi kwenye tukio lenyewe, maana wanafunzi wako wamelishuhudia somo bila kujua. Novemba 2022 Su-25 ya Kongo, ndiyo hiyo Sukhoi, iligusa lami ya uwanja wa Rubavu kwa muda mfupi kisha ikapaa. Tarehe 24 Januari 2023 nyingine ilirushiwa kombora kutoka ardhini. Kigali ilisema ndege imekiuka anga yake, Kinshasa ikasema ilikuwa katika anga ya Kongo ikijiandaa kutua Goma. Siwezi kuamua ugomvi huo, lakini naweza kukuonyesha kwa nini eneo lile ni la kugombania. Ndege ya aina hiyo ikikata kona kwa kilomita 600 kwa saa, huku imelala nyuzi 60, inahitaji zaidi ya kilomita tatu kugeuka nusu duara. Goma na Gisenyi, mji wenu wa hapo Rubavu, ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Rubani akichelewa sekunde chache kugeuza, tayari yuko nchi ya watu.

Kombora lilipiga, moto ukaonekana ubavuni, na bado ndege ikatua Goma. Hilo liliwashangaza wengi. Su-25 iliundwa kwa kazi ya kupigwa: injini zake mbili zimetenganishwa huku na huku ya mwili ili moja ikiungua nyingine ibaki, na rubani anaketi ndani ya beseni la titani. Ila kwa swali lako jambo kubwa ni kwamba nchi isiyo na ndege ya kivita ilijibu ndani ya sekunde, kwa silaha iliyokuwa tayari ardhini. Ndege ya kivita kutoka Kigali isingewahi.

Hilo si geni katika ukanda huu. Katika vita vya Kagera, jeshi la Tanzania, JWTZ, walizitungua ndege kadhaa za Idi Amin kwa makombora ya kubebwa begani. Walibya nao walipokuja kumsaidia Amin, mwishoni mwa Machi 1979, walituma Tu-22, ndege kubwa ya mabomu yenye mwendo kuliko sauti, ikapige Mwanza. Mabomu yake yaliukosa mji wote, yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Tuje kwenye hesabu ya ndege sita, kwa sababu ndiyo wanasiasa hawaipigi. Katika sita, chukulia mbili ziko karakana zimefunguliwa, mbili zinafundishia, mbili ziko tayari. Hizo mbili unataka zilinde saa 24, siku saba. Wiki ina saa 168, mara ndege mbili ni saa 336. Rubani akikaa zamu saa 40 kwa wiki unahitaji marubani wanane na nusu, kabla ya likizo, malaria na kozi. Sema 12. Na kama ndege ni ya viti viwili, kama Su-30 za Uganda, unahitaji na watu wa kiti cha nyuma.

Rubani wa kivita asiporuka, mkono unapoa. NATO hutumia saa 180 kwa mwaka kama kiwango cha kuheshimika. Marubani 12 mara 180 ni saa 2,160. Gawanya kwa ndege sita upate saa 360 kwa kila moja, wakati ndege ya kivita kwa kawaida huruka kama saa 200 hadi 250 kwa mwaka. Ndege sita hazina saa za kutosha kuwaweka sawa marubani wanaohitajika kuzishikia zamu ndege hizo hizo sita. Hapo ndipo majeshi madogo hukwama: ama marubani wachache walioiva na zamu ya mchana tu, ama zamu kamili yenye marubani ambao hutaki waruke usiku wenye mvua. Kimashine cha mafunzo cha ardhini kinapunguza pengo, hakilizibi. Ukizilazimisha ndege ziruke saa hizo 360, injini za aina ya AL-31, kama za Su-30, zinazofunguliwa kwa ukarabati mkubwa baada ya saa 1,000 hivi, zitaanza kusafirishwa nje kabla ya mwaka wa tatu kuisha.

Bei ya kununulia ni mahari tu, gharama ya nyumba huja baadaye. Uganda ilipochukua Su-30MK2 sita mwaka 2011 na 2012, mkataba mzima pamoja na vifaa vingine ulitajwa kuwa karibu dola milioni 740, na fedha zilichotwa kwenye akiba ya benki kuu. Baada ya hapo kila saa ya kuruka ina bili yake. Jeshi la Anga la Marekani, lenye vipuri vya kumwaga, huhesabu zaidi ya dola 20,000 kwa saa moja ya ndege ya kivita ya F-16. Anayeagiza kila boliti kutoka nje asitegemee nafuu.

Lakini nitakuwa mwizi wa hoja nikisema Uganda walitupa fedha. Waliziagiza kwa kazi nyingine. Zimepiga shabaha za ardhini Sudan Kusini katika vita vilivyoanza Desemba 2013, na mwishoni mwa 2021 Uganda ikawapiga kwa ndege na mizinga waasi wa ADF mashariki mwa Kongo. Kenya nayo ilitumia ndege zake za kivita za F-5 Somalia mwaka 2011. Huo ni uamuzi wa kwenda kupigana nje, mahali ambapo adui hana cha kujibu angani. Kulinda anga yako ni kazi nyingine kabisa, na ukichanganya hizo mbili utanunua kitu kimoja ukidhani umepata viwili.

Wanafunzi wakikuambia kwamba tatizo ni umaskini, wape kisa cha Uswisi. Tarehe 17 Februari 2014 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilikuwa inatoka Addis Ababa kwenda Roma. Rubani mkuu alikwenda msalani, rubani msaidizi akajifungia chumba cha marubani, akaipeleka ndege Geneva. Ilisindikizwa na ndege za kivita za Italia, kisha za Ufaransa. Za Uswisi hazikuonekana. Nchi ile ilikuwa na ndege za kivita za F/A-18 zaidi ya 30, za kisasa, zimetunzwa vizuri, ila jeshi lake la anga lilikuwa linafanya kazi saa za ofisi: saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, mapumziko ya chakula, kisha saa 7:30 hadi saa 11 jioni. Ndege ilitua saa 12 alfajiri. Mtekaji aliteremka kwa kamba kupitia dirishani, akaenda kuomba hifadhi, na hakuna abiria aliyeumia. Miezi mitatu baadaye Waswisi walipiga kura wakakataa kununua ndege mpya za Gripen, asilimia 53.4 wakisema hapana. Zamu ya saa 24 ilikamilika mwishoni mwa 2020, na kilichokuwa kinakosekana miaka yote hiyo hakikuwa ndege, bali watu, takriban 100 zaidi.

Utaniuliza, na Singapore? Ni ndogo kuliko baadhi ya wilaya zenu, kilomita za mraba mia saba na kitu, na ina F-16 kwa makumi. Ndiyo, na ndiyo mfano ninaoutumia kupinga wanaosema udogo peke yake unamaliza mjadala. Lakini tazama wanavyoishi nao. Anga yao haitoshi kufanyia mazoezi, hivyo marubani wao wamekuwa wakifunzwa Arizona, Australia na Ufaransa. Kwa kujua kwamba viwanja vyao vinaweza kupigwa siku ya kwanza, hufunga barabara ya Lim Chu Kang, wakang'oa nguzo za taa, ndege zikaruka na kutua hapo. Jeshi hilo lilianza mwaka 1968, likaongezwa kidogo kidogo na nchi tajiri isiyoacha kulipa hata mwaka mmoja.

Suala la viwanja lisipuuzwe. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja Entebbe kuokoa mateka, waliteketeza ndege za kivita za MiG zaidi ya kumi za Uganda zikiwa zimeegeshwa, hakuna hata moja iliyopaa. Nchi yenye njia moja au mbili za kurukia inawapa adui zake orodha fupi sana ya mahali pa kupiga. Goma hapo ng'ambo ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Kongo ilikuwa na Su-25. Uwanja ukienda, ndege inabaki bila pa kutua.

Njia ya nchi ndogo nyingi za Ulaya ni kulindiwa. Lithuania, Latvia na Estonia hazina ndege za kivita. Tangu 2004 wenzao wa NATO hupokezana zamu, kwanza uwanja wa Šiauliai, Lithuania, na tangu 2014 wa Ämari, Estonia, pia. Septemba 2025 MiG-31 tatu za Urusi zilipoingia anga ya Estonia kwa dakika 12, waliokwenda kuzikabili walikuwa Waitalia na F-35 zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina utaratibu wa namna hiyo, na wakati huu ambapo wanachama wawili wanatuhumiana kama unavyoona kwenye dirisha lako, sitegemei uje karibuni. New Zealand walikata shauri jingine: mwaka 2001 walivunja kikosi chao cha ndege za kivita za Skyhawk, wakabaki na ndege za doria za baharini na za mizigo. Jirani yao wa karibu ni Australia, mwendo wa kilomita 2,000. Msiwaige bila kuangalia umbali huo.

Ningekuwa naulizwa fedha ya kwanza iende wapi, ningesema rada, na laini ya simu isiyokatika kati ya waongozaji wa ndege za kiraia na chumba cha jeshi. Fedha ya pili iende kwa makombora na mizinga ya kutungulia, inayohamishika kwa lori. Ya tatu kwa ndege nyepesi za pangaboi kama Super Tucano, ambazo Burkina Faso na Mauritania wanazo. Ndege ndogo ya magendo haihitaji kufukuzwa na Sukhoi, na isitoshe Mkataba wa Chicago, ibara ya 3 bis, unakataza kuifyatulia silaha ndege ya kiraia iliyo angani. Unachoruhusiwa ni kuifuata na kuiamuru itue. Kwa kazi hiyo ndege ya polepole ni bora, maana inaweza kukaa nayo ubavu kwa ubavu.

Droni hazijamaliza habari, zimeihamisha. Kwa kuchungulia mpaka usiku kucha, droni inaishinda ndege yoyote yenye rubani. Haiwezi kuikimbiza Su-25. Tena droni ni tatizo kwa mwenye ndege za kivita pia: Septemba 2025 F-35 za Uholanzi zilitungua droni za Urusi juu ya Poland, droni za bei nafuu zikitunguliwa na ndege ambayo kombora lake moja hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Poland na wenzake walimudu siku ile. Kwa mwenye ndege sita, droni 20 kwa usiku mmoja zingemaliza makombora kabla hazijamaliza marubani, na ndiyo maana ile fedha ya pili ningetaka sehemu yake nzuri iende kwenye mizinga ya risasi inayoongozwa na rada, ambayo kila mlio wake ni senti ukilinganisha na kombora.