Kabla ya Kuzima Huduma, Tazama Nani Anamsubiri Nani: Nilivyofupisha Muda wa Kuwaka kwa Kompyuta Yangu ya Linux

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta yangu mpakato, kisha naondoka kufanya shughuli nyingine hadi skrini ya kuingilia itokee. Diski ilikuwa ya SSD, kumbukumbu ilitosha, na mfumo ulikuwa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, isiyo na mapambo mengi, kwa hiyo sikuona sababu ya kuchelewa kiasi kile. Jioni ya kwanza niliyoamua kulishughulikia jambo hili nilifuata ushauri unaotolewa mara nyingi: niliandika `systemd-analyze blame`, nikapata orodha ya huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, zilizopangwa kuanzia ile iliyochukua muda mrefu zaidi, nikazizima sita za juu. Ile ya kwanza kabisa niliiruka, kwa kuwa jina lake lilitaja mtandao nami niliogopa kukosa intaneti. Nilipowasha upya, nilikuwa nimeokoa sekunde 2 tu, nikazirudisha zote.

Sababu ni namna systemd inavyofanya kazi. Programu hii, ambayo Fedora ilianza kuitumia kama ya kawaida mwaka 2011 katika toleo la 15, na ambayo Debian 8 na Ubuntu 15.04 ziliifanya kuwa ya kawaida mwaka 2015, huanzisha huduma nyingi kwa wakati mmoja. Huduma inaweza kuchukua sekunde 8 pembeni bila kumchelewesha yeyote, ilhali nyingine ya sekunde 3 imesimama mlangoni na kundi zima linaisubiri. Orodha ya `blame` haikuonyeshi tofauti hiyo. Inakuambia nani alichukua muda, haikuambii nani alisubiriwa.

Kwa hiyo naomba uanze na amri mbili. Ya kwanza ni `systemd-analyze` yenyewe, bila neno jingine, ambayo huugawa muda wote wa kuwaka katika sehemu: mashine yenyewe kujikagua, kipakizi cha mfumo (programu inayoiamsha Linux), kerneli (kiini cha Linux), na sehemu inayoandikwa userspace, ambamo huduma huanzishwa. Kuzima huduma hupunguza sehemu hii ya mwisho peke yake. Ukikuta muda wako mwingi umeishia kwenye kipakizi, tatizo huenda ni GRUB, ndicho kipakizi chenyewe, kuonyesha menyu yake, nawe utarekebisha `GRUB_TIMEOUT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha uendeshe `update-grub`. Kwangu mimi sehemu ya huduma ilikuwa sekunde 47.

Amri ya pili ni `systemd-analyze critical-chain`, na hapa ningependa usome bila haraka. Huonyesha mnyororo wa vitu vilivyosubiriana hadi mfumo ukawa tayari. Alama ya @ ni wakati ambapo kitu kilikuwa tayari, na alama ya + ni muda kilichotumia kuanza. Usome kutoka chini kwenda juu. Mnyororo wangu, ukiusoma hivyo, ulipita `NetworkManager-wait-online.service` iliyokuwa na +31s, ukaenda `network-online.target`, ukafika kwenye kabrasha moja lililopachikwa kutoka kwenye seva, kisha `remote-fs.target`, kisha `systemd-user-sessions.service`, na ndipo ikaja `lightdm`, yaani ile skrini niliyokuwa naisubiri kila siku. Huduma niliyoiruka kwa woga ndiyo iliyokuwa imeukalia mlango.

Huduma hiyo haiunganishi mtandao. Kazi yake ni kusubiri hadi NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, iseme kwamba mtandao uko tayari, ili wanaouhitaji mapema wasianze kabla ya wakati. Kwenye seva ina maana kubwa. Kwenye kompyuta ya kubeba mkononi, mara nyingi hakuna anayeihitaji. Aliyeihitaji kwangu alikuwa mstari mmoja wa NFS (njia ya kufungua makabrasha yaliyo kwenye seva) katika `/etc/fstab` (faili inayotaja diski na makabrasha ya kupachikwa), niliouandika zamani kwa ajili ya kabrasha ambalo sasa nalifungua mara chache sana. Sikuufuta. Niliuongezea `noauto,x-systemd.automount`, ili kabrasha lipachikwe pale tu ninapoligusa, kisha nikaandika `sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service`. Nilipowasha upya, sekunde 47 zilikuwa zimeshuka hadi 16, na Wi-Fi ikaunganika kama kawaida.

Baada ya hapo ndipo inafaa kupitia huduma nyingine kwa utulivu, moja baada ya nyingine, ukiwasha upya kila mara. Orodha ya zilizoruhusiwa kuanza utaipata kwa `systemctl list-unit-files --state=enabled`. `cups-browsed`, ambayo hutafuta printa kwenye mtandao, niliizima bila kusita. `cups` yenyewe ilihitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huwa nachapisha mara mojamoja. Ukiizima `cups.service`, amri hiyo huiondoa pia `cups.socket`, kwa hiyo niliirudisha soketi peke yake kwa `sudo systemctl enable cups.socket`. Soketi hukaa ikisikiliza bila gharama yoyote ya maana, na siku ninapotuma waraka kuchapishwa huiamsha huduma yenyewe. Napenda sana utaratibu huu, kwa sababu hukuondolea ulazima wa kuchagua kati ya kasi na uwezo wa kuchapisha. Bluetooth niliiacha, kwani naitumia kila siku.

Kuhusu maneno ya amri: `stop` huisimamisha huduma sasa hivi, lakini itarudi ukiwasha upya; `disable` huizuia isianze yenyewe, ingawa huduma nyingine bado inaweza kuiita; `mask` huielekeza `/dev/null`, hivyo hakuna awezaye kuianzisha. Usikimbilie `mask`. Na kabla ya kuzima jina usilolifahamu, andika `systemctl list-dependencies --reverse` likifuatiwa na jina hilo, uone ni nani wanaoitegemea. `dbus`, `systemd-logind`, `systemd-udevd`, `systemd-journald` na NetworkManager usiziguse.

Kuna kuchelewa kwingine ambako hakuna huduma ya kuzima. Ukiona mfumo unakwama sekunde 90 kamili ukisubiri diski, fungua `/etc/fstab` uangalie kama kuna UUID (namba ya utambulisho) ya sehemu ya diski iliyofutwa au kuumbwa upya, hasa ya swap, ile inayoisaidia kumbukumbu inapojaa. Sekunde 90 ndio muda ambao systemd huvumilia kwa kawaida kabla ya kukata tamaa. Linganisha na matokeo ya `blkid`, amri inayoonyesha UUID zilizopo sasa, urekebishe mstari huo.

Kosa moja lilinigharimu asubuhi nzima. Nilikuwa nimeizima ModemManager, huduma inayosimamia modemu, kwa kuwa sikuwa na modemu ya laini ya simu, nikasahau. Miezi mingi baadaye niliazima modemu ya USB nikiwa safarini, nina kazi ya kutuma, na kompyuta ikakataa kabisa kuitambua kama njia ya mtandao. Nilibadilisha modemu, nikabadilisha tundu, nikaanza kuilaumu kerneli, hadi nilipoikuta imeandikwa `disabled`. Nikaandika `sudo systemctl enable --now ModemManager`, na mtandao ukapatikana papo hapo.

Tangu siku hiyo ninayo faili fupi ninamoandika jina la kila huduma niliyoizima, tarehe, na amri ya kuirudisha. Sasa ina mistari minne: wait-online, `cups-browsed`, `cups` iliyoachiwa soketi yake, na ModemManager, ambayo mbele yake nimeandika "imerudishwa". Sehemu ya huduma inachukua sekunde 13.