Mwalimu, buibui wangu kalala chali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tulipokuwa tunachimba msingi Kisongo nilimkuta buibui mkubwa mwenye manyoya, nikamtia kwenye kopo la siagi. Nataka kumfuga. Sasa siku kumi hagusi mende ninaompa, na leo asubuhi nimemkuta kalala chali, miguu juu. Wenzangu wanasema kafa, nimtupe. Nifanyeje?
Kibarua, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimtupe! Tarantula, yaani buibui wakubwa wa manyoya kama huyo wako, akifa mara nyingi hubaki kifudifudi, miguu imejikunja chini yake kama ngumi. Huyo wako anajivua gamba, na nasema gamba lenyewe, si lile la wanasiasa. Ndiyo maana alisusa chakula. Mtoe mende sasa hivi, maana mwili mpya wa buibui ni laini na mende anaweza kumtafuna. Usimguse wala usimgeuze, hata ikipita nusu siku. Ukikuta ngozi tupu pembeni, ina miguu yote minane kama glavu iliyovuliwa, bado usimlishe. Meno mapya hutoka meupe. Subiri wiki moja au mbili, yawe meusi kabisa.

Na hao mende umewatoa wapi? Kama ni jikoni kunakopulizwa dawa, basi usimpe tena, watamuua. Mimi wa kwangu, hapa Moshi, nilimuua hivyohivyo: nilipuliza dawa ya mbu sebuleni nikasahau kopo lipo juu ya kabati. Mpaka leo mume wangu ananitania.

Ila kusema kweli, wa kwetu si wa mtu anayeanza. Huko Ulaya na Marekani wanaoanza hushauriwa kuchukua yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, mpole, asiye na haraka. Akiudhika hukupangusia manyoya yanayowasha. Wa kwetu hawana manyoya hayo. Silaha yao ni mbio na meno, na akikuuma utapata maumivu makali, misuli ikukaze. Tena akiwa jike anaweza kupita miaka 20. Utaoa, utasomesha, yeye bado anadai mende.

Ningekuwa wewe, mwili wake mpya ukishakomaa ningemrudisha Kisongo jioni, mbali na msingi. Ukishikilia kumfuga, kaulize kwanza ofisi ya wanyamapori. Kisha tafuta beseni lenye mfuniko uliotobolewa, ujaze udongo mpaka karibu na juu, kwani akianguka kutoka juu tumbo linaweza kupasuka. Maji muwekee kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka.