Anza na Lile Daftari

Nakuru

Mwanangu Nekesa,

Umeniuliza ni filamu ipi ya maisha ya shule uanze nayo kwenye chama chenu cha filamu hapo Kakamega, nawe una wanafunzi wa Kidato cha Tatu, vipindi viwili mfululizo na projekta ya kuazima. Umetaja To Sir, with Love ya 1967 na Dead Poets Society ya 1989. Ni nzuri zote, ila usianze nazo. Macho yote huwa kwa mwalimu: anakuja, anawagusa vijana, wanampenda. Watoto watakulinganisha na Sidney Poitier, mwalimu wa ile ya kwanza, muhula mzima, na hapo mama, hutamweza.

Anza na Where Is the Friend's House? ya Abbas Kiarostami wa Iran, ya 1987. Kisa kizima kimebebwa na daftari. Mwalimu anamwonya mwanafunzi, Mohammad Reza, kwamba akileta tena kazi ya nyumbani kwenye karatasi badala ya daftari, atafukuzwa. Kurudi nyumbani, Ahmad, mwanafunzi mwenzake, anafungua mkoba, anakuta madaftari mawili yenye majalada yanayofanana. La pili ni la Mohammad Reza. Anamweleza mama, mama anasema fanya kwanza kazi yako. Babu naye anamtuma sigara ilhali anazo, ati amfunze utiifu. Mtoto anaipanda mbio njia ya kona kona ya kilimani, daftari mkononi, aende kijiji ambacho hajui nyumba ya rafiki iko wapi. Hakuna bunduki wala jambazi, na bado roho inakuwa juu.

Sasa hesabu. Filamu ni ya dakika 83, vipindi vyako viwili ni 80. Hizo tatu zinazokosekana ndizo zenye mwisho, na ukiukosa mwisho huu umekosa filamu. Igawe siku mbili. Siku ya kwanza katiza Ahmad anapotoroka nyumbani na daftari, hata kama kengele haijalia, kisha waache wabishane: wewe ungeenda? Siku ya pili maliza yote.

Watu wa filamu wanasema Kiajemi, kwa hiyo maandishi ya chini ndiyo roho. Kimo cha picha ukizidishe mara sita, na asiwepo mtu wa kukaa mbali zaidi ya hapo. Darasa la mita 8 linataka picha ya kimo cha mita 1.3 hivi. Walio nyuma wasipoona kusoma, wataanza soga, na soga husogea mbele. Ukilazimika kuwatafsiria, sema kwa ufupi, na wahusika wakinyamaza nawe nyamaza. Utani wa DJ Afro, yule anayetafsiri filamu kwa vichekesho, ni mtamu kwenye filamu za ngumi, hapa utaua.

Dirishani tundika blanketi za bweni, maana shuka hupitisha mwanga. Spika iwe mbele kando ya picha. Sauti ikitokea nyuma watoto wanageuka geuka. Na ukiweza omba vipindi vya asubuhi. Unaijua mvua ya alasiri ya huko: ikishapiga mabati, hata spika ya kanisa haisaidii.

Mkimaliza usiwaulize "mmejifunza nini", watakujibu kama karatasi ya mtihani. Waambie waorodheshe ubaoni kila mtu mzima aliyeongea na Ahmad, halafu wakate majina ya wale ambao hawakumsikiliza. Ubao utabaki karibu mtupu.

Ya pili iwe The First Grader ya 2010, kisa cha mzee Kimani Maruge aliyejiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Oliver Litondo kaigiza Maruge. Itazame peke yako kwanza: ina mateso ya enzi ya Mau Mau, na si kila mtoto yuko tayari kuyaona kabla ya chakula cha mchana.

Vitabu ni vingi, lakini kwa sasa chukua In the House of the Interpreter cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Wasomee kwa sauti kurasa za mwanzo tu, anaporudi kutoka shule ya bweni ya Alliance baada ya muhula wa kwanza, 1955, akakuta kijiji chao hakipo. Funga kitabu hapo. Atakayekuja kukiazima, mpe.

Na projekta hiyo ijaribu siku moja kabla, na waya wake. Ya kuazima huja bila waya.

Mamako